Daftari la Kurasa za Nyuma

Kiwanda cha sukari kilipofungwa
walitupa bahasha, keki, na picha ya pamoja.
Mimi niko safu ya pili, natabasamu.
Nikilitazama sasa tabasamu lile, si langu.
Nililiazima miaka ishirini na sita
kama koti la ofisi linaloning'inia mlangoni,
hulivaa yeyote aliyeitwa na meneja.

Bwana Dzintars akitania, nilicheka.
Sikuelewa utani wake hata mmoja.

Leo naishi kwenye nyumba aliyoniachia shangazi Milda,
huku tambarare za Latvia,
ng'ambo ya reli isiyopita treni,
nyuma ya shamba la viazisukari lililogeuka kichaka.
Basi huja Jumanne na Ijumaa.
Jirani wa karibu ni taa moja ya manjano,
na siku nyingine nayo haiwaki.

Sitasema uongo: kipupwe cha kwanza nililia.
Saa kumi alasiri haijafika, kiza kimeshakaa sebuleni.
Nilimjibu mtangazaji wa redio,
nikamwuliza na yeye ameamkaje.
Niliandaa sahani mbili mezani
ili moja ionekane inamngoja mtu.
Binti yangu Ausma alipiga simu kutoka Ayalandi,
anakofungasha uyoga usiku kucha.
"Mama, hujambo?"
"Buheri, mwanangu, buheri wa afya,"
nami bili ya umeme nimeikalia
kama kuku juu ya yai viza.

Sijui ni siku gani hasa.
Labda ile asubuhi pampu ilipoganda
nikayeyusha theluji kwenye sufuria ya jamu.
Ndoo nzima ya theluji hutoa vikombe viwili vitatu vya maji;
hili hukuliambiwa na mtu, sharti usubiri ulione.
Nikasubiri. Nikanywa.
Yalikuwa na ladha ya moshi na ya chuma.
Nikasema kwa sauti, "Asante,"
kisha nikageuka nione ninamwambia nani.

Hapakuwa na mtu.
Na pale pasipo mtu
hapakunitisha.

Basi nikampigia mimi Ausma:
pampu imeganda, bili sijalipa, goti linauma,
na nina raha, usiniulize kwa nini.
Akanyamaza kitambo.
Halafu akasema mikono yake inanuka uyoga hata Jumapili,
na hajawahi kuniambia, asije akanitia huzuni.
Tukacheka, mama na mwana, hadi salio likaisha.
Kicheko changu nilikitambua:
kina mkwaruzo, kama cha marehemu baba.
Sijui kilikuwa wapi miaka yote hiyo.

Mkono wa mhasibu hauachi kazi yake.
Nililichukua daftari la kiwanda la mwaka wa mwisho,
kurasa za nyuma zilibaki tupu.
Kushoto nikaandika vilivyoondoka:
mshahara. Meno mawili. Treni ya saa moja.
Valdemars, na jinsi alivyofunga mlango polepole
akidhani nimelala.
Kulia:
kuni za ule mti wenye gome jeupe, zimekauka vizuri.
Asali ya Imants, asiyeuliza maswali.
Mvi zangu, sizipaki tena rangi.
Na ukimya, ambao mwanzo niliuandika kushoto,
nikaufuta, karatasi ikatoboka,
nikauhamisha.

Pande mbili hazilingani.
Kiwandani ningekesha nikiitafuta senti iliyopotea.
Hapa nafunga daftari, naongeza gogo motoni.
Kuna siku bado huwa nzito,
na siku hizo sijilazimishi kitu;
naketi nazo, tunakunywa chai.

Mezani siku hizi pana sahani moja.
Ile ya pili iko dirishani, ina makombo ya mkate mweusi.
Huja kindege mwenye kifua cha manjano,
hula akinitazama kwa jicho moja,
huruka bila kuaga.
Kesho nitamwekea tena.
Sijampa jina.